Ziwa Nililolifundisha Kabla ya Kuliona

Nilifundisha jiografia kwa miaka mingi katika shule moja ya sekondari karibu na Msimbazi, mpaka baridi yabisi iliponitoa darasani. Ilianzia vidoleni. Nilikuwa naamka vimevimba na kukakamaa, chaki inaniponyoka mbele ya wanafunzi, nao kwa adabu wanajifanya hawajaona. Daktari alinieleza kuwa ugonjwa huu hauponi, unatulizwa tu. Nilimshukuru kwa kutonizungusha, nikaomba kustaafu mapema.

Watu walidhani nitakaa kusubiri saa za dawa. Mimi nikakaa kusoma. Naishi Kariakoo, ghorofani, juu ya maduka ya vitenge, na makelele ya wauzaji hayajawahi kunizuia kumaliza ukurasa. Siku za maumivu naegemeza kitabu kwenye mto. Vingi nilivyosoma vilikuwa vya safari, na kila nilipomaliza kimoja, jambo lile lile lilinikera: Ziwa Tanganyika nimelichora ubaoni hata naweza kulichora nimefumba macho, lakini sijawahi kulitia machoni.

Nilipomwambia mdogo wangu kwamba naenda Kigoma kwa treni, tena peke yangu, aliacha kukuna nazi.

"Dada, ukizidiwa njiani nani atakushika?"

"Atakayekuwa karibu," nilimjibu.

Jibu halikumpendeza, ila siku ya safari alinisindikiza stesheni na kunibebea begi.

Tulipoipita Dodoma vidole viligoma. Kitabu kikaanguka sakafuni. Mama mmoja tuliyekuwa naye chumba kimoja, mfanyabiashara wa dagaa aliyekuwa anarudi kwao baada ya kuuza mzigo Kariakoo, akakiokota. Nilimweleza hali yangu bila kuficha. Akasema atanishikia, lakini kwa sharti.

"Usisome kimoyomoyo, mwalimu. Soma na sisi tusikie."

Basi akawa ananishikia na kufunua kurasa, mimi nasoma. Ilikuwa hadithi ya mke aliyeondoka nyumbani kwa mumewe bila kuaga. Wanawake wa chumba cha jirani wakaja kusimama mlangoni. Mmoja alisema mke yule amefanya vizuri, mwingine akambishia kwamba angesubiri kwanza wazee waitwe, na ubishi ukapamba moto mpaka nikalazimika kuwatuliza kwa sauti yangu ya darasani. Ilitoka yenyewe, ikiwa na nguvu zake zote. Nikajua hapo kwamba kilichoondoka kwangu ni chaki tu.

Kigoma, yule mama alinipeleka ufukweni kabla hata hajashughulikia mizigo yake. Maji yalikuwa ya buluu nzito, na ng'ambo ilionekana milima ya Kongo, ambayo kwenye mchoro wangu sikuwahi kuiweka. Nilichuchumaa kwa shida, yeye amenishika kiwiko, nikatumbukiza mikono yote miwili. Maumivu hayakuondoka. Nilibaki pale hivyo hivyo, nimefurahi kupita kiasi, kisha nikampigia mdogo wangu simu kumwambia nitachelewa kurudi.

Tangu hapo nasafiri kila ninapopata nafuu, na daktari wangu amezoea kupanga dawa kufuata safari zangu. Safari ijayo ni ya Songea. Mdogo wangu ameomba twende wote. Nimemkubalia, ila nimemwambia abebe kitabu chake mwenyewe.