Isale Dirishani

Mwezi uliopita nilipanda mlimani kwetu Uru kumsalimia kaka yangu, nikakuta amejenga ukuta wa matofali mpakani na kung'oa masale yote, ile mimea ya majani marefu iliyopandwa na wazee kuwa alama ya mpaka. Ukuta ni mzuri, sikatai. Lakini ndugu yangu, nilijikuta nimeketi juu ya jiwe, mguu wangu mbovu nimeushika, nalia kama mtoto.

Nilikumbuka miaka ile ya kupanga foleni ya sukari, nikiwa mtoto kwa Bibi. Homa ilinishika, viungo vikavimba, nikashindwa hata kusimama. Mganga wa zahanati alichoma sindano zake mpaka zikaisha, akamwambia Bibi tumwachie Mungu. Nilimsikia, maana watu hudhani mtoto mgonjwa ni kiziwi. Niliogopa sana kufa.

Kila alasiri, ukungu ukiteremka kutoka mlimani na kuingia migombani, Bibi alininywesha mtori wa ndizi kwa kijiko, kisha tukasali Baba Yetu. Akifika pale pa kusamehe waliotukosea, aliyaruka maneno hayo. Jirani yetu aliwahi kugeuza maji ya mfongo, ule mfereji uliotutenganisha, siku ya zamu yetu, na kahawa ya Bibi ikakauka. Tangu hapo hawakusalimiana. Hata kanisani, huyu akiketi mbele, yule aliketi nyuma kabisa.

Alasiri moja nilisikia majani makavu ya migomba yakikanyagwa. Dirisha lilikuwa wazi. Mkono ukatokeza kwenye ukungu, mkono tu, una udongo mbichi kwenye kucha. Uliweka jani la isale dirishani, ukarudi ulikotoka. Mbwa hakubweka. Nilipiga kelele.

Bibi alikuja mbio, akaliona, akaliokota. Kwetu anayekuletea isale anaomba msamaha, na isale halikataliwi, hata kama amekuulia mtoto.

"Kumbe naye ana moyo," alisema, akitazama kwa jirani. Akajifunga kanga, akatoka nalo.

Walikutana mfongoni, nami niliwasikia nikiwa kitandani.

"Mwenzangu, nimelipokea isale lako."

"Langu? Mimi ndiye ninayekuja kulipokea lako! Hili hapa, nimelikuta dirishani sasa hivi."

Kisha nilisikia hatua zao zikivuka maji.

Waliingia wameshikana mikono, kila mmoja na jani lake. Walipiga magoti kando ya kitanda changu, na safari hii Bibi hakuruka neno. Alilisema huku analia. Jasho likanitoka, na kabla ya giza homa ilikuwa imeshuka. Mguu wa kushoto haukunyooka tena mpaka leo, lakini niko hai, na mimi naiita neema.

Katekista alisema ni malaika. Wazee walitazama kule migombani walikozikwa babu zetu. Mimi nilikuwa nimeuona ule udongo kwenye kucha, nikatazama huko pamoja nao.

Bibi na jirani sasa wamelala migombani pia, mfongo umekauka, na ugomvi wa mipaka tunaupeleka kwa mawakili. Zamani niliogopa mkono ule usije ukarudi. Siku hizi naogopa kwamba utarudi, utafute isale la kuchuma, usilipate.