Mshale wa Nukta wa Kwenda Makaburini

Kaka yangu hasikii tangu utotoni. Ukimpigia simu unajisumbua bure, na kusoma hajui; yeye umchoree. Ndiyo maana siku aliyofariki baba, mie nilikuwa chumbani kwetu Chamazi, laptop mapajani, nachora ramani, na sebuleni wanawake wanalia.

Baba alifia hospitali alfajiri. Aliletwa amefunikwa, wanaume wakamwingiza moja kwa moja kumuosha. Anazikwa baada ya adhuhuri, na basi la kaka ndiyo kwanza linaingia stendi ya Mbezi Luis. Akipitia nyumbani hamkuti. Ilibidi aende makaburini hukohuko, amwone baba uso japo mara moja. Lokesheni ya simu inaishia barabarani. Kutoka hapo mvua imekata njia, bodaboda haipiti. Nikasema, mstari mzima apande boda, mstari wa nukta atembee.

Kazi yangu kadi za harusi, ramani za ukumbini nachoraga kila wiki. Lakini siku ile, jamani! Nikiweka nukta, kichwa cha mshale nacho kinamegekamegeka, hakijulikani kinaelekea wapi. Nikirudisha mstari mzima, kinakaa vizuri. Nukta tena, makombo matupu! Na pale njia inagawanyika. Kaka akikosea, nani atamwelekeza na hasikii? Nikawa naitukana kompyuta na maiti ya baba imo humo nyumbani. Astaghfirullah.

Shangazi akachungulia. "Mwanangu, wanataka kufunga sanda. Njoo umuage baba yako."

"Nakuja shangazi, namalizia mshale."

"Mshale gani tena, mtoto we!"

Machozi yananidondokea kwenye kibodi. Mwisho nikakifuta kile kichwa, nikachora pembetatu peke yake, nikaibandika mwisho wa nukta. Nikatuma. Tiki zikageuka bluu, kaka kaiona.

Nikatoka mbio. Kitanda alicholazwa baba kitupu. Jeneza limeshavuka geti, wanaume wanapokezana, na kwetu mwanamke haendi kuzika. Nikashika nguzo ya baraza, nikalia kwa sauti.

Baadaye baba mdogo akapiga. "Kaka yako kafika, tulikuwa tunataka kufukia. Nikashuka kaburini nikamfunulia uso, kamwona vizuri kabisa."

"Alhamdulillahi," nikasema. Kisha nikamuuliza, baba alikuwa anaonekanaje.