Bi Arlys Anamwaga Maji ya Hita

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Misimu yote niliyovuna viazisukari huku North Dakota nimeona mengi, mengine ya kipuuzi kabisa. Lakini Bi Arlys Tveit alinifunga mdomo.

Tulikuwa tumeegesha trela zetu ubavu kwa ubavu. Yeye alikuwa mjane, anaishi ndani ya trela mwaka mzima, na macho yake yalikuwa yamefifia hadi akabaki kuona vivuli tu. Oktoba hiyo bintiye, Renae, alikuja kumchukua wakaishi wote mjini Fargo. Alifungasha nguo za mama yake kabla hata ya kumuuliza. Wakabishana kutwa.

"Haya, Mama," Renae akasema mwishowe. "Usiku huu kila kitu kitaganda. Mwaga maji ya hita mwenyewe, asikusaidie mtu. Ukiweza, baki. Ukishindwa, twende."

Nikamwambia Renae huo ni ukatili.

"Lyle, kunywa kahawa yako," akanijibu.

Maji yakiganda ndani, tangi la hita, lile la kuchemshia maji, linapasuka, na trela bila hita huku si nyumba. Ukilifungua likiwa bado la moto, maji yanakurukia. Mwaka jana jirani yetu mmoja aliungua kifua kwa pupa zake.

Bi Arlys akazima gesi, akazima umeme. Akafungua bomba la maji moto, kidole chini yake, akasubiri hadi yakatoka baridi. Ndipo akafunga maji yanayoingia. Akatoka nje akipapasa ubavu wa trela hadi kwenye kimlango cha hita. Akainua valvu ya juu, ile ya kutolea presha, ikafoka. Hakugusa spana. Aliinamisha kichwa tu, akasikiliza hadi ikanyamaza kabisa.

Kisha akafungua kwa spana nati ya chini ya tangi, akajiweka pembeni, maji yakamwagika kwa kishindo majanini. Nati ikatoka na fimbo yake, ile inayowekwa humo ili iliwe na kutu badala ya tangi. Akaipapasa kuanzia juu hadi chini.

"Imebaki waya," akasema. "Mwakani iwekwe mpya."

Mwili ulinisisimka, sisemi uongo. Miaka yote nimefanya kazi hiyo kwa macho mawili mazima, na sijawahi kuifanya hivyo. Kahawa ilipoa mkononi na sikujali.

Renae alikuwa analia. "Basi, Mama. Baki. Sitakusumbua tena."

Bi Arlys akajipangusa mikono kwenye suruali, akatoa funguo za trela mfukoni na kunyoosha mkono kule sauti ya Renae ilikotokea.

"Shika. Twende Fargo."

"Lakini umeweza, Mama."

"Ndiyo maana nakuja. Ningeshindwa, ungenichukua kama mzigo. Sasa naja mwenyewe."