Duara la Nusu Mbili

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na hili ninaloandika hapa sijawahi kumwambia mwalimu mwenzangu yeyote. Wananijua kwa ulimi mkali. Mwanafunzi akikosea nasema hapo hapo, mkuu wa shule akikosea nasema vilevile, na siku zote nimejisifu kwamba sina unafiki. Loo! Unafiki ninao, tena wa kutosha.

Mwaka jana nilichaguliwa kuwa mwezeshaji wa kozi ya kompyuta kwa walimu wa hisabati. Tulikutana kwenye ukumbi mmoja karibu na Makumira, walimu kama arobaini, kuanzia Jumatatu hadi Jumatano. Niliwafundisha programu ya kuchorea maumbo. Ndani yake kuna kalamu ya kuchora kwa mkono: unashika kipanya, unazungusha duara kadiri unavyoweza, hata likiwa bovu kama kiazi, na ukiachia kidole mashine inakisia ulichokusudia na kulinyoosha. Kiazi kinakuwa duara kamili. Walimu walipiga makofi, wakaniita profesa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa siku tatu mfululizo.

Nyuma kabisa alikaa mama aliyenifundisha hisabati kidato cha kwanza. Alishastaafu serikalini, sasa alikuwa akifundisha kwa mkataba kwenye shule binafsi huko kwao mlimani. Asubuhi ya kwanza nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, kisha akanieleza bila kuficha kilichomleta. Shule yake haitaongeza mkataba wa mwalimu asiye na cheti cha kozi hii. Bila darasa, alisema, atabaki kuhesabu migomba, na migomba haiulizi maswali.

Jumatano ilikuwa siku ya majaribio. Kila mmoja alikuja mbele, akachora kwa ile kalamu pembetatu, mraba na duara, wote tukitazama kwenye projekta. Mashine ikiyatambua yote matatu, umepita. Pembetatu yake ilikubali, mraba ukakubali. Lilipofika duara, mashine ikamgomea. Ikabaki mistari iliyopinda tu, kama kucha zilizokatwa. Akafuta, akarudia, ikawa vilevile. Mara ya tatu watu wakaanza kucheka, na mimi niliyekuwa nimesimama pembeni yake na fomu mkononi nikacheka nao. Kisha nikasema kwa sauti ya kufika mpaka nyuma:

"Mwalimu, hapa mazoea ya chaki hayasaidii."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye akakiachia kipanya taratibu, akasema asante, akarudi kukaa. Kwenye fomu yake nikaandika: hajafikia kiwango. Nilidhani ni uzee, kwamba mkono umeanza kutetemeka, na moyoni nikajipongeza kwa kutompendelea mtu.

Jioni ile, nyumbani Kimandolu, nilifungua mafaili ya washiriki ili nijaze ripoti. Programu ile hutunza kila hatua ya mchoraji, hata alichofuta. Nikafungua la kwake. Mara zote tatu alichora nusu ya juu, akainua mkono, halafu akachora nusu ya chini. Ncha za zile nusu zilikutana sawasawa. Kosa lilikuwa moja tu: mashine inaamua kila unapoachia kidole, kwa hiyo ilizichukua nusu zile kama vitu viwili visivyojuana.

Jamani, mimi nilikuwa naujua mchoro ule. Kidato cha kwanza alikuwa akichora nusu ya juu ubaoni, anainua chaki, anatugeukia na kutuuliza kimebaki kiasi gani. Tunajibu nusu. Ndipo anafunga. Ndivyo alivyotuingizia kichwani nusu duara na kipenyo kabla hatujaona kanuni yoyote, na mimi mwenyewe mpaka leo nachora hivyo hivyo darasani. Nilichotakiwa kumwambia ni maneno mawili: usiinue mkono. Sikuyasema kwa sababu sikumwangalia mkono. Nilikuwa nawaangalia waliokuwa wakiniangalia mimi.

Ripoti ilitakiwa Ijumaa asubuhi, ili shule zipate matokeo siku hiyo hiyo, kwa hiyo muda wa kusahihisha ulikuwepo. Ningefuta mstari mmoja tu. Lakini kuufuta kungekuwa kukiri kwamba mwezeshaji ndiye aliyeshindwa kufundisha, na nilishadokezwa kwamba wananifikiria kwa kozi za wilaya nyingine. Nikaituma ilivyo. Nikajiambia atarudia kozi mwaka ujao, watu wanarudia, si mwisho wa dunia. Huo uongo nilijiambia muhula mzima.

Likizo ya Desemba nilipanda kwenda kwake na sukari kilo mbili, maana mikono mitupu ilinitisha. Nilimkuta mbele ya nyumba akichambua buni kwenye ungo. Alifurahi kuniona, na furaha ile ndiyo ilinimaliza. Nikauliza habari za shule. Akasema aliacha, na hakuonyesha kinyongo chochote.

"Mkuu aliponionyesha matokeo alitaka kunitetea," akasema. "Nikamwambia asijisumbue. Aliyeandika pale nimemfundisha mwenyewe, hawezi kunionea."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwambia yote, bila kunyanyua macho: zile nusu mbili, mashine, kile kicheko changu, ile ripoti. Nikamwambia kwamba mkono wake haukuwa na tatizo lolote. Nilisubiri anifukuze. Kwa kweli nilitaka anifukuze, ningepata nafuu.

Hakunifukuza. Alitoa buni mbovu mbili tatu, akazitupa pembeni.

"Ulijua lini?"

Nikasema jioni ile ile, Jumatano.

Akauweka ungo chini.

"Barua ya kuacha kazi nilisaini Ijumaa mchana," akasema. "Ungekuja Alhamisi."