Samli Kwenye Makubadhi ya Mkwe

Kamba ya mgomba ikikauka hukatika. Mtu wa Karagwe analijua hilo tangu anatambaa. Huiloweka kwanza, ndipo akafungia mzigo. Mimi watu wangu ni wa pwani. Nimelelewa na kamba za usumba wa nazi, ambazo humzika aliyezisokota zikabaki zinafanya kazi.

Ilikuwa siku za Mjerumani, kabla ya vita. Nilikuwa na duka la vitambaa vya merekani, shanga na chumvi kando ya njia iendayo Nkwenda, na nilikuwa nimeposa binti wa mfanyabiashara mmoja wa Bukoba, mtu mzima, asili yake pwani kama sisi. Alitembea siku kadhaa kuja kuniangalia, wala hakuficha. Alisema amekuja kuiona nyumba na kumwona mwenye nyumba, na jibu atanipa baada ya sala ya alasiri.

Tulikula ndizi kwa nyama. Katika chakula kile aliyataja makubadhi yake mara tatu na binti yake mara mbili, nilihesabu. Yalikuwa ya ngozi nyekundu, yameshonwa Lamu kwa uzi wa kijani, na alisema mtu asiyejua kutunza kiatu hawezi kutunza kitu chochote chenye thamani zaidi. Kisha akayavua mlangoni, akaingia ndani, akalala.

Nami nilikuwa nimeona ni akili kutundika kibuyu cha samli juu ya mlango, ili akitoka akikute mbele ya macho, zawadi yake ya safari. Nilikifunga kwa kamba ya mgomba, kavu. Jua likaiyeyusha samli, kamba ikasema tap, kibuyu kikashuka, kikapasuka.

Kubadhi la kushoto lilioga. La kulia lilipata matone saba. Nikahesabu tena, yakawa manane.

Nilifanya alichofundishwa kila mtoto wa pwani: maji, limau na majivu. Nikasugua. Doa likaacha kuwa kama kiganja, likawa kama sahani, na ngozi ikaanza kukakamaa. Ndani mgeni alikuwa anakoroma vizuri tu. Nikachota maji mara ya pili.

"Acha maji, wewe Mswahili," sauti ikasema nyuma yangu. "Unataka mwenye viatu avae ubao?"

Alikuwa jirani yangu, mzee aliyehamia kutoka Igurwa, kazi yake kulainisha ngozi za ng'ombe ambazo watu walivaa. Nikamwamkia shikamoo kwa haraka ambayo si adabu, nikamweleza kwa mnong'ono kiatu ni cha nani na alasiri kuna nini. Akakichukua, akakinusa, akakikunja. Nikamwuliza kama doa litatoka.

"Halitoki," akasema. "Lakini kwetu hilo si doa, waitu, mwenzetu. Ni kazi iliyoachwa katikati."

Akanifafanulia. Ngozi zao zote hupakwa siagi, zisipopakwa hupasuka. Kosa la kiatu kile si kwamba kimepata samli, ila kwamba kimeipata upande mmoja. Kwa kazi yake alitaka vibaba viwili vya chumvi. Nikasema nusu. Akakaa chini, akanyoosha miguu, akasema yeye hana haraka. Ndani mkoromo ukakatika. Nikasema viwili. Mkoromo ukaanza tena, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Akaagiza unga wa ulezi mkavu, akaupasha kwenye kigae, akaurundika juu ya doa. Tukangoja kivulini, nilipotaka kuyaanika juani alinipiga kofi mkononi. Unga ulipolowa akaupangusa, akaweka mwingine. Mara ya tatu ulibaki mkavu. Ndipo akatia samli kidogo kiganjani, kutoka kwenye kigae cha kibuyu kile kile, akaanza kupaka pale palipokuwa pasafi, akienda taratibu kuelekea penye doa, makubadhi yote mawili, mpaka sikuweza tena kuonyesha lilipoanza. Akamalizia kwa jani kavu la mgomba. Wekundu ulikuwa umezama, ukawa kama kahawa iliyokaangwa. Uzi wa kijani ulikuwa salama. Niliukagua mshono kwa mshono, kisha nikaurudia.

Mzee aliondoka na chumvi yake. Punde mgeni akatoka, akavaa, akasimama. Samli ya wafugaji ina harufu ya moshi ambayo haifichiki, na yeye alikuwa na pua ya mfanyabiashara.

"Haya ni yangu?" akauliza.

Nilikuwa na uongo wa aina mbili tayari. Nikautazama wa kwanza, nikautazama wa pili, hakuna uliofika bei. Nikamwambia ukweli: kamba, kibuyu, limau, mzee, ulezi, chumvi. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akatembea hadi kwenye migomba, akarudi, akaenda tena. Akakunja vidole vya miguu.

"Tangu nitoke Bukoba haya yamekuwa yananikata kisigino," akasema. "Chumvi umetoa kiasi gani?"

"Vibaba viwili, baba."

"Umepunjwa."

"Najua. Ulikuwa unakaribia kuamka."

Akaomba maji ya kutawadha, nikamletea, akatawadha pole pole kama mtu mwenye siku nzima. Tukasali. Mimi nilisali rakaa nne, ingawa siapi, kwa kuwa siku ile hesabu pekee iliyonipotea ni hiyo.

Alipomaliza dua aligeuka, akasema niwatume wazee wangu Bukoba mvua zikikatika, na nisiwacheleweshe. Akavaa makubadhi yake, akashika njia, wala hayakumkata kisigino.

Nilikaa kizingitini. Nikacheka peke yangu, kisha nikanywa maji ya mtungi, kata mbili, bila kupumua katikati.