Kibuyu cha Kobilo

Saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Eldoret bado imeng'ang'ania madirisha ya mtaa wa Munyaka, na Waiyego Irungu anaegemeza simu yake kwenye mkebe wa unga wa uji. Anaisogeza kidogo kushoto ili ukuta ulioingia ukungu usionekane. Nyuma yake sufuria inatokota, na kutoka vyumba vya kulala mtoto mmoja anakohoa.

"Saa hizi Marekani ni jioni," anaeleza kwa sauti ya chini. "Watu wetu wa huko wametoka kazi, wamekula, wameshika simu. Ukienda laivu saa nne asubuhi utaongea na kuta."

Ana umri wa miaka arobaini na minne. Aliajiriwa katika Makao ya Pambazuko kuwa mlezi: kuosha, kulisha, kubadilisha nepi, kuwageuza kitandani wale wasioweza kujigeuza ili ngozi isichubuke. Watoto ni ishirini na watatu, wote yatima, wote wenye ulemavu. Mshahara wake ni shilingi elfu kumi na nne, ukija. Kazi ya kuomba michango mtandaoni hakuajiriwa nayo. Ilimfuata kwa sababu ya mdomo wake, na mdomo huo huo ndio uliomponza.

Leo ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Kando ya jiko ameketi Jeruto, msichana wa miaka kumi na mmoja mwenye mtindio wa ubongo, kwenye kiti cha magurudumu ambacho bado kinang'aa. Ameipa simu mgongo. Anautazama mlango. Zamani, Jumamosi kama hii, nyanya yake Kobilo alikuwa akiingia kwa mlango huo kutoka Moiben, kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa ya Wakalenjin, kwapani. Huu ni mwezi wa tano hajafika, na Waiyego hahitaji kuambiwa ni nani aliyemfukuza.

"Ni mimi," anasema. "Sikumfukuza na fimbo. Nilimfukuza na hii simu."

Waiyego alizaliwa papa hapa Munyaka, kwa wazazi waliotoka Murang'a kutafuta maisha Uasin Gishu. Akiwa msichana aliuza kabichi na sukuma wiki karibu na steji, na wanaomkumbuka wanasema alikuwa na sauti ya kumsimamisha hata mtu aliyeshiba. Kabichi ndogo aliiita tamu, kubwa aliiita ya familia, iliyonyauka aliiita ya bei ya rafiki. Hakuwa akidanganya, anasema. Sokoni kila mtu anaujua mchezo, muuzaji na mnunuzi.

Biashara ilipokuwa ngumu aliomba kazi Pambazuko, makao yaliyoanzishwa na mwalimu mstaafu, Mzee Nderitu, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mzee Nderitu alikuwa na moyo mkubwa na simu ndogo. Wafadhili wa awali walipopungua, alikopa akanunua simu kubwa na kumkabidhi Waiyego. "Wewe unajua kuongea na watu," akamwambia. "Ongea nao."

Akaongea. Mwanzoni alisema mambo yalivyo. Alimwonyesha Jeruto, akaeleza kwamba baba yake alifariki kabla hajazaliwa, na mama yake akafuata kwa ugonjwa miaka michache baadaye. Kwamba alilelewa na nyanya yake hadi mgongo wa nyanya ukakataa kumbeba. Kwamba nyanya huyo bado humtembelea kila mwezi. Video hiyo ilileta shilingi elfu tatu na komenti chungu nzima. Moja ilimkaa Waiyego kichwani. Mtu asiyemjua aliandika: "Kama nyanya yupo, si amchukue?"

"Hapo ndio nilianza kuona," anasema. "Watu wanataka yatima hana mtu kabisa. Ukiwaambia kuna shosho, mfuko unafungwa."

Kisha zikaja mvua kubwa, na pamoja nazo wiki ambayo mwenye duka alikataa kuwapa unga kwa deni. Watoto walilala na chai ya rangi. Asubuhi yake Waiyego alimpakata Jeruto, akaiegemeza simu kwenye mkebe mtupu, akaitoa ile sauti ya sokoni: "Huyu mtoto hana mtu. Hapa duniani hana mtu hata mmoja. Ni mimi na nyinyi."

Jeruto alikuwa pale pale mapajani. Maneno yake hutoka polepole, moja moja, lakini masikio yake hayana kasoro.

"Aliniangalia," Waiyego anakumbuka. "Nikafikiri anataka maji."

Ndani ya wiki moja zilifika shilingi laki sita na ushei. Deni la unga likalipwa, tangi la maji likanunuliwa, na viti vya magurudumu vikaja vikiwa bado ndani ya maboksi. Siku vilipofunguliwa, watoto walizunguka uani hadi ardhi yote ikachorwa mistari. Mtu angekosaje kufurahi? Waiyego alifurahi, akapiga vigelegele. Furaha hiyo nayo inamkera sasa.

Video ikaendelea na safari zake, ikafika Moiben.

Kobilo alikuwa akija mjini kwa gari la maziwa. Dereva, kijana anayeitwa Kevin, alimpakia mbele kila Jumamosi ya kwanza, akamshusha kwenye lango la makao. Bibi huyo alileta kibuyu kilichojaa, akachukua kile cha mwezi uliopita. Alimnywesha Jeruto kwa mkono wake, akamfuta kidevu kwa ncha ya kitambaa cha kichwani, akamwimbia kwa Kikalenjin wimbo ambao Waiyego hakuuelewa na hakuwahi kuuliza maana yake.

"Hajawahi kuniomba kitu," anasema Waiyego. "Hata chai alikuwa anakunywa nusu kikombe, eti watoto wasikose."

Jumamosi ya kwanza baada ya video, gari la maziwa lilipita bila kusimama. Mwezi uliofuata likapita tena. Safari ya tatu Waiyego akamngoja Kevin barabarani. Kijana alizima injini, akabaki akiutazama usukani.

"Mama, mimi sitaki kuingia kwa hiyo maneno," akasema. "Lakini shosho aliona ile video. Ilichezwa kanisani."

Kesho yake Waiyego alifika Moiben na sukari na majani ya chai. Kobilo alimpokea vizuri, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alimpa kiti, akamchemshia chai ya maziwa matupu, akamwacha anywe hadi amalize. Ndipo akamsimulia yaliyotokea, bila kupandisha sauti.

Jumapili ile video ilipochezwa, baada ya ibada, kijana mmoja wa kwaya aliisogeza simu yake kwenye kipaza sauti. Akasema kuna mtoto huko mjini hana mtu, na Wakristo hawawezi kukaa kimya. Sauti ya Waiyego ikajaa kanisani. Kobilo alikuwa mbele, benchi la akina mama wazee. Hakuhitaji kuona picha. Aliitambua pumzi ya mjukuu wake. Waliomjua waligeuka wakamtazama, kisha wakainamisha macho. Kapu likapitishwa. Lilipomfikia, Kobilo alifungua fundo la kitambaa chake, akatia shilingi mia.

"Ningefanya nini?" akamwambia Waiyego. "Watu walikuwa wanachangia mtoto hana mtu. Na mimi nikachanga kama wengine."

Kisha akamweleza jambo ambalo Waiyego hakulijua, ingawa ameishi na Wakalenjin maisha yake yote. Siku Jeruto alipozaliwa, wanawake wa ukoo waliketi chumbani wakaita majina ya ndugu waliotangulia, moja baada ya jingine, wakingoja mtoto apige chafya. Jina atakalolipigia chafya ndilo la yule aliyemrudia. Waliita kwa muda mrefu. Mtoto alikuwa amelegea, hana hata nguvu ya kulia, na wengine wakaanza kunong'ona kwamba labda hakuna anayemtaka. Kobilo akakataa kuinuka. Akalitaja jina la mama yake mzazi, akalirudia, na mtoto akapiga chafya.

"Huyo mtoto ako na watu, mpaka wale walikufa," Kobilo akasema. "Wewe umeambia dunia yote hana. Sasa mimi nikija huko, nakuja kama nani?"

Waiyego akaweka kikombe chini, akaaga.

"Nilizoea kusifia kabichi," anasema, akiukoroga uji ambao hauhitaji kukorogwa. "Kabichi haina shosho."

Aliporudi Munyaka aliifuta video. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Watu walikuwa wameshaisambaza, wengine wameikata na kuweka namba zao wenyewe za michango, na hadi sasa sauti yake inazunguka huko ikimwambia kila mwenye simu kwamba Jeruto hana mtu. Husemwa majuto ni mjukuu. Wa Waiyego ni Jeruto, ambaye yeye mwenyewe humlisha uji kila asubuhi.

Jeruto aliuliza mara moja tu. Kwa Kikalenjin nyanya ni kogo. "Kogo amekufa?" akasema. Waiyego akamjibu hapana, yuko hai, yuko Moiben.

"Basi ulidanganya," msichana akasema.

Tangu siku hiyo Waiyego amekuwa akitaka kurudi hewani aseme ukweli, na Mzee Nderitu amekuwa akimzuia. Si mtu mbaya, Mzee Nderitu. Ameuza shamba lake kipande kwa kipande kwa ajili ya watoto hawa. Lakini anajua unga unatoka wapi. "Ukikiri ulidanganya, nani atatuma tena?" alimuuliza. "Hawa watoto utawalisha majuto?" Waiyego akanyamaza. Mwezi ukapita, akanyamaza tena. Ukimuuliza kinachomkosesha usingizi, hatataja ile asubuhi ya mkebe mtupu.

"Siku ile kulikuwa na njaa," anasema. "Mungu ananijua. Lakini hii miezi ingine ilikuwa ni uoga tu."

Sasa anavuta pumzi, anabonyeza simu. Watazamaji wanaanza kuingia, makumi, kisha wanapita mia. Wengine wanamsalimia kwa jina, wengine wanatuma mioyo. Waiyego hatumii ile sauti ya sokoni. Anaongea kama mtu anayeongea na jirani juu ya ua.

"Leo sina namba ya kuwapa," anaanza. "Kuna kitu nilisema hapa mwaka huu. Nilisema Jeruto hana mtu. Huo ulikuwa uongo. Ako na nyanya, anaitwa Kobilo, wa Moiben. Alikuwa anamletea maziwa kila mwezi, na nilijua hivyo nikisema hana. Ako na ukoo. Mliotuma pesa kwa sababu ya yale maneno, mnisamehe. Viti viko, tangi liko, mnaweza kuja kuona. Lakini yale maneno hayakuwa ukweli."

Kisha komenti zinaanza kupanda. Mmoja anamwambia Mungu ambariki. Mwingine anamwita mwizi. Wa tatu anataka arudishiwe pesa yake leo hii. Idadi ya watazamaji inapungua mbele ya macho yake, na yeye anaitazama ikipungua bila kuizima simu.

Mzee Nderitu amesimama mlangoni na koti lake kuukuu. Haijulikani amekuwa hapo tangu lini. Waiyego anamwona, anangoja maneno. Mzee anaingia, anachukua kikombe na kijiko kutoka mezani, anapakua uji, na kwenda nao vyumbani kwa yule mtoto anayekohoa.

Kunapambazuka. Nje, gari la maziwa linapita likielekea mjini, nalo halipunguzi mwendo. Jeruto analifuata kwa macho hadi sauti yake inapopotea.

Mpango wa Waiyego ni mmoja. Kesho, Jumapili, ataenda Moiben. Amempigia mchungaji wa kanisa lile, akamwomba nafasi baada ya ibada, kwenye kipaza sauti kile kile, aseme kwa mdomo wake aliyoyasema leo kwa simu. Anajua huenda Kobilo akainuka na kutoka. Anajua pia kwamba mwisho wa mwezi mwenye duka atataka pesa zake, na safari hii hana cha kumwambia.

Juu ya rafu kuna kibuyu, kile cha mwisho Kobilo alichokileta. Waiyego amekiosha na kukikausha, na pembeni ameandaa kilo mbili za wimbi za kukijaza, maana chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Kwa Wakikuyu ni hivyo, na kwa kina Kobilo ni hivyo hivyo. Anakishusha, anaanza kumimina.

"Usikipeleke," Jeruto anasema.

Waiyego anasita. Msichana anaionyesha rafu kwa mdomo, na maneno yanamtoka kwa taabu, moja moja, lakini anayamaliza.

"Kikae. Kogo akikitaka, atakuja kukichukua."

Waiyego anarudisha wimbi kwenye mfuko wake, punje zilizobaki anazifuta kwa kidole. Kibuyu kinarudi mahali pake. Kwao, kumtembelea mama wa umri ule mikono mitupu ni jambo la aibu, na anapoulizwa atabeba nini badala yake, anatikisa kichwa.

"Nitaenda hivyo tu," anasema. "Sukari nilishampelekea, na haikusaidia."