Muuguzi Aliyenisomesha Nikiwa Sina Hamu

Jumanne asubuhi nilikuwa kwenye bajaji naelekea kazini binti wa jirani yangu, niliyezoea kumwita Mama, aliponipigia simu. "Kaka, Mama ametutoka," akasema. Sikushtuka, wasomaji wangu, na hilo ndilo linaloniuma. Siku hizi nimechoka kiasi kwamba hata msiba unaniingia polepole. Tuliishi jirani hapa mtaa wa Chuno. Marehemu alikuwa muuguzi mstaafu, mtu wa Mbeya aliyeletwa Mtwara na kazi akiwa msichana na asirudi tena kwao. Presha ya macho ilipompofusha, aliniomba niwe nampitia asubuhi nimsomee Maandiko, mistari michache tu, kisha tukae kimya tuyatafakari. Nilikubali kwa kuona haya kukataa.

Baadaye nilimzika mke wangu. Niliporudi kwa Mama baada ya arobaini, nilisimama mlangoni, hata viatu sikuvua. "Shikamoo Mama. Leo sisomi. Siyaamini tena haya maneno." Nilitegemea anihubirie. Badala yake alipapasa meza, akanisogezea Biblia. "Marahaba. Sijakuuliza kama unaamini, mwanangu. Mimi sioni. Nisomee." Nikasoma kwa hasira zaburi ya mtu anayelalamika kwamba Mungu amemsahau. Katikati nikalia. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kunigusia: mwanawe wa kwanza alifia katika wodi ileile ambamo Mama mwenyewe alikuwa akihudumu, na yeye akakaa karibu mwaka mzima bila kuweza kusali. "Lakini kila siku nilifungua, nikasoma. Nimelisha wagonjwa wengi wasio na hamu. Uji haungoji hamu, mgonjwa unamnywesha tu, kijiko kwa kijiko."

Nimeyawaza sana hayo wiki hii. Mji wetu umekuwa na haraka. Tunatumiana mistari kwenye simu, imepambwa kwa maua, tunajibu "Amina" kabla hatujaimaliza, kisha tunashangaa kwa nini mioyo imekauka. Nami ni mmojawapo. Siku nne za mwisho za Mama sikwenda kwake. Ofisini kulikuwa na ripoti. Msibani nilimwomba binti yake radhi. "Hakukulaumu, Kaka," akasema. "Nilimsomea mimi. Aliuliza tu kama na wewe huko uliko umesoma." Sikuwa nimesoma.

Jana, siku moja baada ya mazishi, niliamka nikakaa sebuleni peke yangu, nikasoma mistari sita. Sikuhisi chochote. Niliitafakari kama tulivyozoea, nikaoga, nikaenda kazini nikiwa na uchovu uleule. Ila mchana, mwenzangu ofisini aliponijibu vibaya, nilijikuta nimemvumilia, na sijui nguvu hiyo niliitoa wapi. Somo aliloniachia ni hili: mtu aliyechoka asingoje moyo wake upone ndipo alifungue Neno. Alifungue akiwa hivyo hivyo alivyo. Leo asubuhi nimesoma tena.